Kuhesabu kwa Lita: Mwongozo wa Bei ya Mafuta kwa Madereva na Familia za Meru na Embu

Bei ya petroli, dizeli na mafuta taa nchini Kenya haibadiliki kwa kushtukiza, kwani hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, inayojulikana zaidi kama EPRA, na kutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Utaratibu huu ulianza Desemba 2010, na umewazoesha wananchi kulisubiri tangazo moja linalosomwa redioni na kusambazwa kwenye simu kabla ya usiku kuingia. Hata hivyo, kinachotangazwa ni bei ya lita moja, ilhali wakazi wengi wa Meru na Embu hawanunui lita: mwendeshaji wa bodaboda huagiza "ya mia mbili", abiria hulipa nauli, mkulima hukatwa bei na broka, na mama wa nyumbani hununua gorogoro la mahindi lililosafirishwa na kusagwa kwa mafuta ambayo hakuyaona. Mwongozo huu unashikilia kwamba mtu asiyejua ni kiasi gani cha mafuta kilichomo ndani ya kila anacholipia hana namna ya kujua iwapo anatozwa kwa haki, na kwamba hesabu ya kujua hilo, ijapo huachiwa wataalamu, inamalizwa kwa kalamu na kipande cha karatasi.

Jinsi bei inavyojengwa

Bei inayotangazwa huwa na tabaka nne. La kwanza ni gharama ya mafuta hadi yanaposhushwa katika bandari ya Mombasa, nayo hutajwa kwa dola za Marekani kwa kila mita ya ujazo, yaani kwa kila lita 1,000. La pili ni gharama ya kuyahifadhi na kuyasafirisha kwa bomba na kwa lori. La tatu ni faida iliyoruhusiwa ya kampuni za mafuta na wenye vituo, na la nne ni ushuru pamoja na ada za serikali. Msomaji wa tangazo la EPRA hukutana na tabaka la kwanza mapema, kwa kuwa mamlaka hueleza gharama hiyo imepanda au kushuka kwa dola ngapi ikilinganishwa na mwezi uliotangulia, na hapo ndipo penye ufunguo ambao wengi huuruka. Dola moja ikiwa shilingi 130, kila badiliko la dola 10 kwa mita ya ujazo ni shilingi 1.30 kwa lita, na ushuru wa thamani ya ziada wa asilimia 16 ukiongezwa hufikia takriban shilingi 1.50. Ikiwa gharama imepanda kwa dola 30 na bei ya pampuni haikusogea, basi kuna mkono mwingine ulioizuia, aghalabu fidia ya serikali, na fidia huweza kuondolewa mwezi wowote. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Septemba 2022, serikali ilipoacha kufidia petroli na bei jijini Nairobi ikaruka kutoka shilingi 159.12 hadi shilingi 179.30 kwa lita kwa tangazo moja.

Thamani ya shilingi nayo hufanya kazi yake kimyakimya. Mapema mwaka 2024 dola ilifikia takriban shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imerudi karibu 130. Mafuta yanayogharimu dola 700 kwa mita ya ujazo ni shilingi 112 kwa lita katika hali ya kwanza na shilingi 91 katika ya pili, na tofauti hiyo ya shilingi 21 inapatikana bila hata tone moja la mafuta kubadilika bei katika soko la dunia. Kwa sababu hiyo, dereva anayefuatilia habari za bei ya mafuta ghafi pekee hubaki na nusu ya picha, na humfaa zaidi kuitazama na bei ya dola.

Tabaka la ushuru linahitaji kueleweka kwa namna yake, kwa kuwa ndilo linalojibu swali la kila mara: mbona mafuta yakishuka duniani hayashuki vivyo hivyo hapa? Ushuru wa thamani ya ziada hutozwa kwa asilimia, na Julai 2023 ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, lakini ada nyingine ni kiasi kisichobadilika kwa kila lita. Kwa viwango vilivyofuata mabadiliko ya Julai 2024, lita ya petroli ilibeba shilingi 21.95 za ushuru wa bidhaa, shilingi 25 za ada ya ukarabati wa barabara, na shilingi 5.40 za ada ya ustawishaji wa petroli, ambayo ndiyo hifadhi inamochotwa fidia. Jumla yake ni zaidi ya shilingi 52, na hata mafuta yangetolewa bure Mombasa, shilingi hizo 52 zingelipwa. Kwa hiyo bei ya dunia ikishuka kwa nusu, bei ya pampuni haiwezi kushuka kwa nusu.

Pia, tangazo la leo ni habari ya jana. Bei ya mwezi hujengwa juu ya shehena zilizoshushwa Mombasa katika mwezi uliotangulia, nazo zilikuwa zimeagizwa na kusafiri baharini kabla ya hapo, na ndiyo maana vita au msukosuko unaotikisa soko la mafuta leo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuhisiwa Makutano au Majimbo. Kuchelewa huko humpa mwenye familia nafasi ya kujiandaa.

Kuhusu Meru na Embu hasa, jambo la msingi ni kwamba bomba la mafuta halifiki huko. Bomba hutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha huelekea Nakuru, Eldoret na Kisumu, likiuacha upande wote wa mashariki wa Mlima Kenya. Mafuta ya Embu, Chuka, Meru na Maua hupakiwa kwenye lori la tangi na kupandishwa barabarani kutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 120 hadi Embu na zaidi ya 220 hadi Meru. Kwa hiyo EPRA huweka bei tofauti kwa kila mji, na bei ya Nairobi inayosomwa kwenye taarifa ya habari si bei ya Meru. Mkazi anapaswa kuutafuta mji wake katika jedwali linaloambatanishwa na tangazo, na akumbuke kwamba kilichomo ni bei ya juu zaidi inayoruhusiwa: kituo kinaweza kuuza kwa chini ya hapo, na katika miji yenye vituo vingi vinavyotazamana baadhi hufanya hivyo, lakini hakuna kinachoruhusiwa kuuza hata kwa senti 50 zaidi.

"Ya mia mbili"

Mwendeshaji wa bodaboda anayenunua mafuta ya shilingi 200 kila asubuhi haoni bei ikipanda, kwa sababu noti anayotoa ni ileile. Anachokiona ni pikipiki kuzimika mapema. Kwa bei ya Nairobi ya Agosti 2022, yaani shilingi 159.12, shilingi 200 zilinunua takriban lita 1.26, na kwa pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita hizo ni kilomita 50. Kufikia Oktoba 2023, lita ilipofika shilingi 217.36, shilingi zilezile 200 zilinunua lita 0.92, ambazo ni chini ya kilomita 37. Katika miezi 14 kilomita 13 zilipotea ndani ya noti isiyobadilika, na mtu asiyeandika hudhani pikipiki imechoka au ameibiwa pampuni.

Tiba yake ni kujua kwanza kilomita za lita. Tangi hujazwa hadi pomoni, namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi huandikwa, chombo hutumiwa kama kawaida kwa siku kadhaa, kisha tangi hujazwa tena hadi palepale. Kilomita zilizosafiriwa hugawanywa kwa lita zilizoingia mara ya pili. Zoezi hilo lirudiwe katika njia halisi za kazi, kwa maana pikipiki inayopanda vilima vya Nyambene ikiwa na abiria wawili na gunia haitakuwa na namba sawa na inayozunguka ndani ya mji wa Embu. Yule ambaye kipima-kilomita chake kimekufa, na pikipiki nyingi ziko hivyo, anaweza kutumia ramani ya simu kwa safari anayoifanya kila siku.

Namba hiyo ikishapatikana, kinachofuata ni bei ya safari. Pikipiki inayofanya kilomita 100 kwa siku hutumia lita 2.5, na lile ongezeko lote la Agosti 2022 hadi Oktoba 2023, shilingi 58.24 kwa lita, lilimgharimu mwendeshaji takriban shilingi 146 kwa siku. Ni fedha nyingi kwa mtu anayerudi nyumbani na mia chache. Lakini zikigawanywa kwa safari 20 za siku hiyo, hazifiki shilingi 8 kwa safari, hata baada ya kuhesabu njia za kurudi mtupu, kwa kuwa kilomita 100 zinajumlisha zote. Kwa hiyo mteja aliyeongezewa shilingi 50 kwa kisingizio cha mafuta alikuwa na hoja ya kutoa, na mwendeshaji aliyeogopa kuongeza hata kumi alikuwa anajilipia mteja. Pande zote mbili zingepatana haraka zaidi kama zingekuwa na namba moja mbele yao.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni "hesabu", yaani kiasi ambacho mwendeshaji asiye na pikipiki yake humpelekea tajiri kila jioni. Kiasi hicho huwa kimepangwa na hakibadiliki, na kwa hiyo kila shilingi inayoongezwa kwenye lita hutoka mfukoni mwa anayeendesha peke yake, huku mwenye chombo akilala usingizi. Makubaliano mapya yanapofanywa, inafaa kipengele kimoja kiongezwe, hata kwa maneno tu mbele ya wenzao wa stejini: kwamba bei ya lita ikipita kiwango fulani, hesabu itapunguzwa kwa sehemu ya ongezeko, na ikirudi chini ya kiwango hicho, hesabu nayo irudi. Tajiri hupoteza kidogo, lakini hupata mwendeshaji asiyelazimika kukimbia kama mwendawazimu ili afidie mafuta, na chombo kinachodumu.

Nauli

Nauli za matatu nchini Kenya haziwekwi na EPRA wala hazina jedwali la serikali. Hupangwa na vyama vya ushirika vya wenye magari, yaani sacco, kulingana na mafuta, msimu na wingi wa abiria. Ndiyo sababu abiria huambiwa "mafuta yamepanda" na kukosa la kujibu. Hesabu ya safari ya Meru hadi Nairobi inaweza kufanywa hivi: ikichukuliwa kwamba njia ni kilomita 225, na matatu ya abiria 14 huenda kilomita 9 kwa lita, safari nzima hula lita 25. Kila shilingi 10 zinazoongezwa kwenye lita ni shilingi 250 kwa gari, na hizo zikigawanywa kwa abiria 14 ni karibu shilingi 18 kwa kila mmoja.

Shilingi 18 hizo zifanywe kipimo. Sacco inayoongeza nauli kwa shilingi 100 baada ya bei kupanda kwa shilingi 10 inalipisha zaidi ya mafuta. Huenda ina sababu nyingine, kwa kuwa matairi, vipuri na oili nazo huletwa kutoka nje kwa dola, lakini sababu hizo zitajwe kwa majina yake. Upande wa pili wa mzani ndio wenye uchungu. Kati ya Oktoba 2023 na Oktoba 2024 petroli ya Nairobi ilishuka kutoka shilingi 217.36 hadi shilingi 180.66, tofauti ya shilingi 36.70, na kwa hesabu hiyohiyo nauli ya Meru ilistahili kupungua kwa takriban shilingi 65 kwa sababu ya mafuta pekee. Kila abiria anajua mwenyewe kama aliziona.

Nauli hupanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi kwa sababu iliyo wazi: ongezeko humuuma mwenye gari siku ileile, na punguzo halimuumi mtu yeyote anayepanga bei. Mfanyakazi anayesafiri kila siku, tuseme kutoka Runyenjes hadi Embu au kutoka Nkubu hadi Meru, ana nguvu ndogo akiwa peke yake, ila kikundi cha wafanyakazi au cha wazazi wa shule moja kinaweza kwenda katika ofisi ya sacco na hesabu iliyoandikwa na kuomba nauli ya mwezi. Sacco hupenda abiria wa uhakika, na wakati wa kuomba ni siku chache baada ya tangazo la punguzo, wakati wenye magari hawawezi kukana kwamba gharama yao imeshuka.

Ndizi, miraa na kisingizio cha lori

Mahali ambapo hesabu ya lita hufichua mengi zaidi ni katika biashara ya mazao. Lori aina ya Canter linalobeba tani 4 za ndizi kutoka Imenti Kusini hadi Nairobi, likienda kilomita 6 kwa lita, hutumia takriban lita 37 kwa kwenda, na kama litarudi tupu, lita hizo hukaribia 75 ingawa tupu halili sana. Ongezeko la shilingi 10 kwa lita ni shilingi 750 kwa safari zote mbili, na shilingi 750 zikigawanywa kwa kilo 4,000 ni senti 19 kwa kilo. Broka anayempunguzia mkulima shilingi 2 kwa kilo kwa sababu ya "mafuta" amechukua mara kumi ya kile ambacho mafuta yamemgharimu. Mkulima aliye peke yake shambani, ndizi zikianza kuiva, hana muda wa kubishana, lakini kikundi kinachouza pamoja na kupima kwa kilo badala ya kukisia mkungu kwa macho kinaweza kuitaja hiyo senti 19 na kungoja jibu.

Mazao mengine hayana subira kama ya ndizi. Miraa ya Igembe na Tigania, na muguka wa Mbeere, hushuka thamani kila saa inayopita tangu kuchumwa, na kwa hiyo gari haliwezi kungoja lijae wala kuchukua mwendo wa kuhifadhi mafuta. Upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo, na gari linalotoka kilomita 80 kwa saa hadi 100 hukabiliana na upinzani uliozidi kwa zaidi ya nusu. Gari la miraa linalotoka Maua hadi Nairobi kwa mwendo unaojulikana na kila mtumiaji wa barabara ile hulipia upepo huo kwa petroli. Mkulima wa mazao haya ndiye anayebeba mafuta mengi zaidi ndani ya kila kilo. Kwake, kukusanya mzigo wa majirani katika gari moja kunaokoa kuliko ubishi wowote wa bei.

Nyumbani, mafuta hujitokeza tena kwenye kinu cha kusaga unga. Vijijini ambako kinu ni cha dizeli, ada ya kusaga gorogoro hufuata bei ya dizeli, wakati kinu cha stima hakina sababu ya kupandisha siku ileile. Palipo na vyote viwili katika soko moja, kama inavyotokea katika masoko mengi, tofauti hiyo inafaa kutazamwa kila mwezi badala ya kuendelea na kinu kilekile kwa mazoea.

Barabara ya mabonde

Barabara ya Embu hadi Meru huvuka mito mingi inayotiririka kutoka Mlima Kenya, ukiwemo Thuchi, Nithi na Mutonga, na kila mto una bonde la kushuka na kupanda. Humo ndimo madereva wengi huweka gia ya nyutro wakati wa kuteremka, wakiamini kwamba injini isiyovuta haili mafuta. Kwa magari ya kisasa yanayonyunyizia mafuta kwa kompyuta, imani hiyo ni kinyume cha ukweli. Gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye kiongeza mwendo, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hukata mafuta kabisa. Likiwekwa nyutro, injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizime. Aliyeko kwenye nyutro anatumia zaidi, na juu ya hapo ameutupa msaada wa injini katika kuzuia gari na kuziachia breki kazi yote hadi zipate moto. Mteremko wa daraja la Nithi, ambako ajali ya basi ya Julai 2022 iliua zaidi ya watu 30, si mahali pa kujaribu kuokoa vijiko vya petroli.

Kinachookoa kweli ni mambo yasiyopendeza kusimuliwa. Upepo wa matairi upimwe yakiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva na si kwa teke. Keria isiyo na mzigo iondolewe juu ya paa. Mlima uanzwe kwa kasi ya kutosha kabla ya kuufikia, na gia ibadilishwe mapema badala ya kuikaba injini. Tambarare ya Mwea, ambayo huwashawishi wengi kukanyaga, ipitwe kwa kilomita 80. Gari dogo linalokwenda kilomita 14 kwa lita na kusafiri kilomita 1,000 kwa mwezi hutumia lita 71. Likipunguza matumizi kwa asilimia 5 tu kwa njia hizi, huokoa lita tatu na nusu, ambazo kwa bei ya shilingi 185 ni takriban shilingi 650, yaani karibu kufuta ongezeko zima la shilingi 10 kwa lita.

Linganisho hilo linafaa kuwekwa kando ya foleni za tarehe 14 jioni. Mwenye tangi la lita 40 lililo tupu kabisa, bei ikitarajiwa kupanda kwa shilingi 5, huokoa shilingi 200, na mara nyingi tangi huwa na nusu, kwa hiyo ni 100. Kujaza mapema kuna maana kwa aliye njiani. Kwa anayetoka Kianjai kuja mjini kwa ajili hiyo hakuna. Kuweka akiba ya petroli kwenye mitungi nyumbani ni hatari isiyolipika, kwani mvuke wake hutambaa sakafuni hadi jikoni penye moto.

Penye pampu

Dereva ashuke garini, ahakikishe kwamba namba za pampu zimeanzia sufuri na kwamba bei ya lita iliyoandikwa hapo haizidi ya jedwali la mji wake, kisha aombe risiti. Pampu hukaguliwa na kutiwa muhuri na maafisa wa mizani na vipimo, na mwenye shaka ana haki ya kupeleka malalamiko kwao. Tangi lililomeza lita zaidi ya ujazo wake ni ushahidi usiohitaji fundi. Kununua kwenye chupa kando ya barabara, kama inavyofanyika katika sehemu za Mbeere na Tharaka zilizo mbali na vituo, ni kulipa zaidi kwa kitu ambacho huenda kimechanganywa. Ikitokea uhaba, kama wa Machi na Aprili 2022 ambapo kampuni za mafuta zilikuwa zinaidai serikali fidia zao na vituo vikakauka, bei ya jedwali hubaki kuwa sheria hata kwenye foleni.

Jikoni na kwenye stima

Mafuta taa yalikuwa ya maskini kwa bei hadi Septemba 2018, serikali ilipoyawekea ada ya shilingi 18 kwa lita ili kuwazuia wafanyabiashara walioyachanganya na dizeli. Wachanganyaji ndio waliolengwa, aliyeumia ni mwenye stovu. Kufikia Oktoba 2023 mafuta taa ya Nairobi yaliuzwa shilingi 205.06, karibu sawasawa na dizeli, na hoja ya kuyapikia kwa sababu ya urahisi wa bei ilikuwa imekwisha. Familia nyingi zimehamia gesi, ambayo iliondolewa ushuru wa thamani ya ziada Julai 2023, lakini bei ya gesi haimo katika tangazo la EPRA, na kila muuzaji hupanga yake. Hapa mnunuzi ndiye mdhibiti. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa juu yake. Mtungi ukipimwa mbele ya mnunuzi na uzito huo ukatolewa, kinachobaki kiwe kilo 6 au 13 kamili. Muuzaji asiye na mizani, au anayekataa kupima, anaeleza kitu kuhusu mitungi yake.

Gesi hulika zaidi katika vyakula vya kuchemka kwa saa nyingi, na githeri ndio mfano wa kwanza. Maharagwe na mahindi makavu yakilowekwa usiku kucha, kisha yakachemshwa vyema na kuhamishiwa kwenye kapu lililojazwa vitambaa na kufunikwa, huendelea kuiva kwa joto lake bila moto. Anayepikia kuni naye huzipunguza kwa njia hiyohiyo, na bei ya kuni na makaa, kwa kuwa husafirishwa kwa pikipiki na lori, nayo hupanda na mafuta.

Sehemu ya mwisho iliyofichika ni bili ya umeme. Ndani yake mna tozo ya gharama ya mafuta, inayobadilishwa kila mwezi kulingana na kiasi cha umeme uliozalishwa kwa mitambo ya dizeli na mafuta mazito. Kiasi hicho hutegemea mvua, na hapa Embu ina nafasi ya ajabu, kwa kuwa mabwawa ya mto Tana, kuanzia Masinga, kupitia Kamburu, Gitaru na Kindaruma hadi Kiambere, yako mpakani mwake. Mvua ikikosekana na maji ya Masinga yakapungua, mitambo ya mafuta huwashwa ili kujaza pengo, na mkazi wa Kiritiri aliye jirani na mabwawa hulipia mafuta hayo sawa na mkazi wa Lamu. Ujumbe wa tokeni hutenganisha fedha za umeme wenyewe na tozo nyingine. Ujumbe wa mwezi huu uwekwe kando ya ule wa mwezi uliopita, kwa kiasi kilekile cha fedha, na yuniti zilizopungua zihesabiwe. Msimu wa kiangazi ukirefuka huko Mbeere, familia inaweza kutarajia yuniti hizo zipungue hata kabla EPRA haijatangaza lolote, na kuahirisha kununua pasi au hita ya maji hadi mvua zirudi.